Nusu ya Firigisi

1

Ukitaka kumsengenya mtu Unyang'ombe, kwanza unamfunika jogoo beseni.

Si kwamba majogoo wa kule wanajua lugha za watu, ingawa wapo wanaoapa kuwa wanajua. Shida ni pete ya buluu iliyo mguuni. Pete hiyo ina masikio, na kazi yake ni kusikiliza pumzi. Kuku akianza kukoroma kifuani, au mwenye nyumba akikohoa kikohozi kigeni, habari inafika Kituo cha Utafiti, mjini Singida, kabla mgonjwa hajapata pa kutemea. Mambo hayo yalianza baada ya homa ya kilemba kufagia nchi za kusini. Kuku anaamka kilemba kimekuwa cheusi, jioni amekufa, na wiki haiishi kabla aliyemchinja hajamfuata. Singida ilikuwa haijaguswa. Kituo kikagawa kila nyumba jogoo mmoja na matetea yake, bure kabisa, majogoo wa miraba minne ambao wakipita uani paka anasimama pembeni kama anayetaka kuamkia. Watu waliwapokea, wakawafuga, wakawala, wakashukuru. Ila hilo neno "bure" lilikataa kupita kooni.

Dokta Sikitu, binti wa Mzee Nkuwi wa kijiji hichohicho, alikuwa upande wa pili wa pete. Yeye ndiye aliyekaa maabara Kituoni akisikiliza. Asubuhi moja alikuwa ameweka sikio kwenye mapafu ya kuku wa tarafa nzima, mlio mwembamba kama manyunyu juu ya bati, mara ikaingia sauti anayoijua tangu utotoni.

"Haloo! Haloo Kituo! We jogoo tulia, naongea na wakubwa zako. Haloo! Mimi Nkuwi wa Unyang'ombe. Kuku wenu wana kasoro. Firigisi zao ni nusu! Kuku ana mapaja kama ya mbuzi, firigisi nusu! Huo ufundi gani?"

Sikitu akajifunika uso kwa viganja. Haikuwa mara ya kwanza kwa baba yake kumkamata jogoo na kumhutubia mguuni. Akapunguza sauti, akahamia kwenye kioo.

Kioo hicho kilikuwa kipana kama meza ya kulia chakula. Droni zilipita vijijini kila mwezi zikikusanya tone la damu la kila mkazi, na matone yakapangwa juu yake. Damu ya mtu ambaye mwili wake umeshapigana na homa ya kilemba, au umefundishwa kupigana nayo kwa chanjo, inageuka zambarau, kwa sababu kioo kinazitambua kingamwili zake. Damu nyingine inabaki nyekundu. Na Singida yote ilikuwa inabaki nyekundu, maana homa ilikuwa haijafika, na chanjo ilikuwa bado haijaruhusiwa kupewa mtu yeyote. Kutazama kioo ilikuwa kazi ya kusinzia.

Siku hiyo hakusinzia. Kioo cha Unyang'ombe kilikuwa kimetapakaa madoa ya zambarau.

Akasoma majina. Mzee Nkuwi. Mzee Msengi. Mzee Gunda. Wanaume watupu, kila mmoja mwenye nyumba yake. Wake zao, nyekundu. Watoto, nyekundu, akiwemo Shamsa, binti yake mwenyewe Sikitu, aliyekuwa analelewa na babu na bibi yake. Mwanamke mmoja tu katika kijiji kizima alikuwa zambarau, tena ya kukolea: Bi Mwasiti, mke wa Nkuwi. Mama yake.

Mchana Profesa Kamugisha, mkuu wa Kituo, aliingia na sahani yake. Mpishi wa kantini alikuwa na desturi ya kumwekea firigisi juu kabisa ya wali, kama kofia.

"Profesa, hebu tazama hapa."

"Kioo kibovu," alisema, akatia firigisi mdomoni.

"Lakini hujakitazama."

"Nimesema kibovu, Dokta. Kisafishe, tutapima tena mwezi ujao."

"Homa imeshaingia mkoani, iko Manyoni. Mwezi ujao itakuwa imetukalia hapa."

"Ndiyo maana sitaki kelele."

Akatoka huku anatafuna. Sikitu alimsindikiza kwa macho. Huyu ndiye mtu aliyewahi kumrudishia kipimo kwa sababu inzi alipita karibu na dirisha, tena kwa nje. Leo kijiji kizima kina damu isiyoelezeka, yeye anaita kioo kibovu bila kukitupia jicho. Mtu wa namna hiyo hajashangaa. Na asiyeshangaa alikuwa anajua.

2

Aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto, akatia kioo kidogo cha mkononi kwenye mkoba, akapanda pikipiki ya umeme.

Alimkuta baba yake kwenye kivuli cha ghala la alizeti, amekalia kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeniletea majibu ya firigisi?"

"Nimeleta maswali." Kabla ya kukaa, Sikitu alichukua beseni lililokuwa karibu na pipa, akamfunika jogoo.

Mzee akatoa macho. "Wewe, mtu wa Kituo, unamfunika jogoo wa Kituo?"

"Leo nimekuja kama mwanao. Baba, nyinyi wanaume mnakwenda wapi, ambako wake zenu hawaendi?"

"Swali gani hilo la kumuuliza mzazi?"

Akamweleza. Damu za wenye nyumba wote zimebadilika kana kwamba wamepita kwenye homa wakatoka salama, na za wake zao hazikubadilika. Hajamaliza, mama yake akachomoza jikoni na mwiko mkononi.

"Nilijua! Kitu kinachopata wanaume peke yao hakitoki hewani. Kimetoka kwa yule muuza pombe ya mtukuru, kule kilabuni."

"Ala! Yule bibi kizee? Meno yenyewe hana!"

"Homa inahitaji meno?"

"Mama," Sikitu akaingilia, "hata wewe unayo."

Mwiko ukashuka taratibu. "Basi kaniletea huyo."

"Ngoja kwanza," Mzee Nkuwi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imepoa, jambo ambalo si la kawaida yake. "Msengi anayo, mkewe hana. Gunda anayo, mkewe hana. Kama tunawaletea nyumbani, kwa nini wenzako wote wamesalimika? Wewe tu, Mwasiti, ndiye unayelingana na wanaume. Hebu niambie, unalingana na yupi?"

Bi Mwasiti hakujibu. Hilo ndilo lililomtia Sikitu baridi, kwa sababu mama yake alikuwa mtu wa kujibu hata maswali aliyoulizwa jirani. Sikitu akamchoma kidole, akadondoshea tone kwenye kioo kidogo, akiomba kimoyomoyo kuwa Profesa alisema kweli na kioo kikubwa ni kibovu. Tone likageuka zambarau mbele ya macho yao watatu.

Mzee akabeba kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili wa ghala, ameipa nyumba mgongo. Mama akarudi jikoni. Kulikuwa na kuku motoni kwa ajili ya mgeni, na kuku haachi kuungua kwa heshima ya ugomvi wa mtu.

Sikitu alikaa kidogo na Shamsa, akimsikiliza akihesabu vifaranga na kukosea. Halafu akaamua kwenda kumuuliza mama yake faraghani. Aliingia jikoni bila kubisha. Mama alikuwa amesimama uso kwa ukuta, na shavu moja linacheza.

"Mama, unatafuna nini?"

"Fitafuni kitu."

Kwenye kibao palikuwa na kisu, na kando yake nusu ya firigisi, imekatwa vizuri kama kazi ya fundi wa viatu.

Bi Mwasiti akameza kwa taabu. "Usimwambie baba yako."

"Tangu lini?"

"Tangu waje hawa kuku wenu. Wale wa zamani walikuwa na kifirigisi cha kuhurumia, ningegusa tu ningeonekana. Hawa wana makubwa! Nikakata moja nionje. Nikasema, haijui huyu, ataona ndivyo walivyoumbwa."

"Mama, ameshawashtaki Kituoni mara ngapi sijui!"

"Namsikia. Kila akimshika yule jogoo mguu, mimi huku napaliwa."

Sikitu alianza kucheka, halafu kicheko kikamkatikia kifuani. Firigisi ni ya baba. Hapa, kwa Msengi, kwa Gunda, kila nyumba aliyowahi kula. Mtoto akiidokoa anachapwa, na mama anayeipika miaka yote huenda kaburini hajui ladha yake. Wanaume wote wa kijiji, na mwanamke mmoja mwizi.

Akakamua maji ya ile nusu iliyobaki juu ya tone la damu ya mama yake. Damu ikakatikakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, maana kingamwili zilikuwa zimemwona adui zinayemjua, zikamrukia. Akajichoma kidole yeye mwenyewe, akakamulia pia. Damu yake ilibaki imetulia, haijui lolote.

Yeye hakuwahi kula firigisi maishani mwake.

3

Profesa Kamugisha hakukana, na Sikitu angependelea akane.

"Ni chanjo hai," alisema, kama anayefundisha darasani. "Imefungwa kwenye ganda ambalo moto wa jikoni hauliwezi. Tumeipandikiza kwenye kuku tangu yai. Mlaji anakula, mwili unajifunza, basi. Wala sindano hakuna."

"Na kuuliza watu je?"

"Kusini tuliuliza. Nilikuwepo, Dokta. Tuliitisha mikutano, tukajibu maswali, tukaunda kamati. Waliotupinga walikuwa na hoja nzuri sana. Tukawazika waliopinga na waliokubali, kwenye makaburi ya safu moja. Hapa sikutaka kuuliza tena."

"Imejaribiwa kwa watoto?"

"Hapana."

"Kwa wanawake?"

"Hapana. Kumbe kwa mama yako tu."

Sikitu akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Kwa nini firigisi? Kwa nini msiweke kwenye paja, au chochote kinachoingia kwenye mchuzi?"

"Inaota kwenye ule msuli mnene tu, kwingine inakufa. Sikuona tatizo. Kila mtu anakula firigisi."

"Nani?"

"Kila mtu. Mimi sijawahi kupewa kuku asiye..." Macho yakaiendea sahani ya mchana, tupu, kwenye kona ya meza.

"Tangu lini, Profesa?"

"Tangu baba alipofariki. Mimi ndiye niliyekuwa wa kiume."

"Una dada?"

"Ninao."

"Wao walikuwa wanakula nini?"

Profesa aliinuka. Alikwenda dirishani, akatazama mabanda kwa muda, na aliporudi alikuwa ameshapata la kufanya, kama kawaida ya watu wa aina yake.

"Tutatangaza redioni kwamba firigisi inang'arisha ngozi ya mwanamke na kukuza akili ya mtoto. Kabla ya Ijumaa nyumba zote zitakuwa zimegeuza desturi. Homa ikifika, itakuta watu wameshajifunga."

"Tuwadanganye mara ya pili."

"Waambie ukweli leo, kesho majogoo wote wako shimoni wanateketea. Keshokutwa homa inafika kwenu na Shamsa hana kitu mwilini. Haya, chagua."

Sikitu alifika mlangoni ndipo akakumbuka kuwa jina la Shamsa hajawahi kumtajia. Pete ilikuwa imemtajia.

4

Njiani alijifunza ule uongo, na ulimkaa mdomoni vizuri mno. Inang'arisha ngozi. Inakuza akili. Angeusema huku anacheka, na mama yake angekuwa wa kwanza kuuamini.

Lakini alipofika, baba yake alikuwa bado hajamsemesha mama yake. Walikuwa wanapeana chumvi kwa kupitia mtoto. "Shamsa, mwambie bibi yako ugali huu umepoa." "Shamsa, mwambie babu yako moto upo, akapashe." Kioo cha Kituo kilikuwa kimemtia mama yake doa, na hakuna uongo wa redioni ambao ungelitoa.

Wakiwa wamezunguka ugali wa uwele na mlenda, Sikitu akasema yote. Beseni lilikuwa juu ya jogoo, ingawa hakuwa na hakika tena kama beseni lilisaidia kitu. Alisema kilichowekwa, nani alikiweka, kwamba hawakuulizwa. Akasema kinaonekana kufanya kazi. Akasema hakuna mtoto aliyewahi kujaribiwa nacho, na kwamba yeye na usomi wake wote hajui kitakachotokea.

Mzee Nkuwi alisikiliza hadi mwisho, mkono umesimama kwenye ugali.

"Kwa hiyo nimelishwa dawa. Ndani ya firigisi yangu. Nyumbani kwangu."

"Ndiyo, baba."

"Na mama yako imemfikaje?"

Sikitu akatazama chini. Hilo halikuwa lake kulisema. Bi Mwasiti akafuta vidole kwenye kanga, polepole, kimoja kimoja.

"Ile nusu uliyokuwa unamlilia jogoo," alisema, "nilikuwa nakula mimi."

Shamsa peke yake ndiye aliyeendelea kula. Mzee alimtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akarudi kwa mkewe. "Mmoja Kituoni ananitia kitu tumboni bila kuniambia. Mwingine jikoni ananitolea bila kuniambia. Sasa mimi katika nyumba hii nilikuwa nani?"

Akainuka, akachukua kisu, akaelekea bandani.

Kelele zilizotoka huko ziliwatoa watu mlangoni hadi nyumba ya Gunda. Sikitu alisimama, mama yake akamshika mkono akamketisha. Binti alikuwa anawaza kuku wote wamelala chini, shimo linachimbwa, na Profesa akisema nilikuambia. Kisha mzee akatokea, manyoya kichwani, tetea mmoja tu mkononi.

"Mpike," alimwambia mkewe. Ndilo neno la kwanza tangu siku ya kioo. "Usikate kitu."

Ilipoiva, firigisi ililetwa peke yake kwenye kisahani. Mzee aliinamia, akaizungusha kwa kidole.

"Hii ndiyo nzima?"

"Ndiyo hiyo," mama akasema.

"Kubwa namna hii!" Akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa kwa muda mrefu. Halafu akakisukuma kisahani hadi mbele ya Sikitu. "Wewe ndiye mama wa mtoto. Mimi sikuulizwa, lakini wewe nakuuliza. Ale, asile?"

Sikitu alimwangalia binti yake, mdomo umejaa mlenda. Alikuwa ametumia miaka kuwaambia watu wafanye nini na miili yao kwa kutumia takwimu. Sasa takwimu zilikuwa kisahani kimoja.

"Nianze mimi," alisema.

Ilikuwa ngumu, ikamkatalia jino, kisha ikakubali yote kwa mara moja. Akaelewa wizi wa mama yake.

Tangu hapo alijipima kila asubuhi, huku habari za Manyoni zikisogea kituo baada ya kituo kwenye reli. Asubuhi ambayo damu yake iligeuka zambarau, na mwili wake bado ni mzima, alikata kipande chembamba cha firigisi, akamwita Shamsa.

Mtoto alikitazama kile kipande, akamtazama babu yake.

"Hatanichapa?"

"Hatakuchapa," Mzee Nkuwi akajibu mwenyewe. Akamsubiri atafune, ameze, aonyeshe ulimi. Ndipo akalifunua beseni, akamkamata jogoo mguu.

"Haloo, Kituo. Nkuwi hapa. Profesa, tumeshaambiwa. Njoo utuombe kwa mdomo wako mwenyewe, hatutakupiga." Akafikiri kidogo. "Njoo ule."

5

Alikuja. Alisimama kwenye uwanja wa shule bila kipaza sauti, akaeleza, akaomba radhi, akaomba ruhusa aliyopaswa kuiomba mwanzo. Mzee Gunda aliondoka kabla hajamaliza, na baadaye moshi wa manyoya ulipanda kwenye ua wake, kuku wote wa Kituo na pete zao. Wengine wawili watatu wakamfuata. Waliobaki walimuuliza maswali hadi jasho likamlowesha mgongo, na swali lililorudi kila mara ni moja: mmetuwekea nini kingine? Kila mara alisema hakuna, na kila mara walitazamana. Sikitu, aliyekaa upande wa wanakijiji, alitazamana nao.

Kisha wakamkaribisha chakula uani kwa Nkuwi. Walimketisha mahali pa mgeni wa heshima, mwisho wa mkeka, maji ya kunawa yakaanzia kwake. Pembeni watoto walikuwa wamepangwa na mama zao, kila mmoja na kipande chake cha firigisi, wanatafuna kwa nyuso za watu wanaofanya kazi ya mkataba. Shamsa alikuwa anawafundisha jinsi ya kuhamishia upande wa magego.

Bi Mwasiti mwenyewe alimletea Profesa bakuli. Shingo ilikuwemo, kipapatio kilikuwemo, mchuzi umejaa hadi ukingoni. Profesa akashukuru, akachukua kijiko, akakipitisha mchuzini upande mmoja. Akakipitisha upande wa pili. Akainua kile kipapatio, akachungulia chini yake.

Uani yalisikika meno ya watoto.

"Vipi, baba?" Bi Mwasiti akamuuliza kwa upole. "Umepoteza kitu?"